Uhakiki: Makumbusho ya Sanaa ya Palm Springs na Neno "Jangwa"

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kuona katika kurasa zake tenzi zikichambuliwa, kamusi zikipimwa na lahaja zikielezwa. Yumkini watastaajabu kukuta hapa uhakiki wa nyumba ya makumbusho, tena iliyo mbali nasi, katika jimbo la California nchini Marekani. Lakini nyumba ya makumbusho nayo ni maandishi ya namna yake. Ina jina, ina milango ya kuingilia katika habari na ya kutokea, ina mpangilio wa hoja, na juu ya kuta zake mna maneno yanayomwelekeza mgeni atazame nini na apite nini bila kutazama. Basi mtu aliyefunzwa kupima maneno haendi kinyume cha kazi yake akiipima nyumba hiyo kwa mizani ile ile anayopimia kitabu.

Ninayo sababu nyingine, nayo yanihusu mwenyewe. Niliporudi kutoka masomoni ng'ambo niliombwa kusaidia kutengeneza orodha ya maneno ya jiografia kwa ajili ya wanafunzi. Mbele ya neno "jangwa" niliandika: "nchi kame, tupu, isiyokaliwa na watu." Hapana aliyenikosoa, na mimi mwenyewe sikuona kosa. Makumbusho ninayotaka kuyahakiki ndiyo yaliyonifumbua macho. Na kama nitayalaumu kwa jambo fulani, msomaji ajue kwamba lawama hiyo nimeanza kuitia juu ya kichwa changu.

Makumbusho haya yalianzishwa mwaka 1938. Jina lake lilikuwa Palm Springs Desert Museum, yaani Makumbusho ya Jangwa ya Palm Springs. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukusanya na kueleza viumbe, mimea na mawe ya jangwa, pamoja na vyombo vya watu wa Cahuilla, ambao ndio wenyeji wa bonde lile. Sanaa ya picha na sanamu iliongezeka pole pole, mpaka katika miaka ya 1970 msanifu E. Stewart Williams akayajengea jumba kubwa lililopo leo chini ya mlima San Jacinto. Kisha mwaka 2004 wadhamini wake wakaamua kuiacha elimu ya viumbe na kushika sanaa peke yake, na mwaka 2005 jina likabadilishwa likawa Palm Springs Art Museum, yaani Makumbusho ya Sanaa ya Palm Springs.

Tulitazame badiliko hili kama tunavyolitazama badiliko lolote la maneno. Katika jina la kwanza, kilichoyapambanua makumbusho na mengine yote duniani kilikuwa ardhi. Katika jina la pili, neno la ardhi limeondoka kitini na neno la kazi ya mikono limeketi mahali pake. Jina la mji limebaki, lakini mji si ardhi. Mji waweza kuota popote pale ambapo fedha na mabomba ya maji hufika. Swali langu ni hili: je, neno lilipotoka katika jina, jangwa lenyewe nalo lilitoka? Na kama limebaki, limebaki jangwa la nani?

Nianze na yale ambayo makumbusho haya yanastahili kusifiwa, nayo si machache. Jengo la Williams ni kazi ya mtu aliyeijua ardhi aliyojengea. Mlima San Jacinto una urefu wa mita 3,300 na ushei, nao hauanzi kwa vilima vidogo vidogo kama ilivyo desturi ya milima mingi, bali husimama ghafula kama ukuta nyuma ya mji. Msanifu mwenye majivuno angetaka kushindana nao. Williams hakushindana. Alilaza jengo lake, akalivika mawe yenye rangi ya mwamba ulio nyuma yake, na bustani za sanamu akazichimba chini ya usawa wa ardhi. Anayeshuka ndani yake kutoka katika jua la nje huelewa kwa ngozi yake, kabla hajaelewa kwa akili, sheria moja ya nchi kavu: kivuli hutafutwa chini, si juu. Hapa jengo limesema neno "jangwa" vizuri kuliko jina lolote.

Sifa hiyo hiyo naitoa, tena kwa mkazo zaidi, kwa nyumba ndogo ya Albert Frey iliyo mlimani juu ya mji, ambayo makumbusho yaliirithi msanifu huyo alipofariki mwaka 1998. Frey alizaliwa Zürich mwaka 1903, akafanya kazi Paris katika ofisi ya Le Corbusier, akahamia Marekani mwaka 1930, na baadaye akafanya jangwa hilo kuwa makao yake. Nyumba yake ya pili, iliyokamilika mwaka 1964, ni chumba kimoja cha vioo na mabati kilichoegemezwa mlimani. Jabali kubwa lililokuwapo mahali pale hakulivunja. Alilikatia kioo kwa kulifuata umbo lake, nalo likaingia ndani na kutenga mahali pa kulala na mahali pa kukaa. Mapazia aliyachagua yenye rangi ya manjano ya maua yanayochanua mlimani wakati wa masika ya huko. Msomaji wa mashairi ataitambua kanuni hii. Mshairi stadi apatapo neno gumu lisilokubali kuvunjwa, hulifanya kuwa kina, na beti nzima ikalizunguka. Frey alilifanya jabali kuwa kina.

Kinyume chake kipo pale pale, nacho ni kazi ya mkono ule ule. Mwaka 1931 Frey pamoja na A. Lawrence Kocher walijenga kwa ajili ya maonyesho mjini New York nyumba iitwayo Aluminaire House, iliyovikwa alumini. Nyumba hiyo ilivunjwa na kuunganishwa tena zaidi ya mara moja katika maisha yake, na mwaka 2024 ikafunguliwa kwa watazamaji katika uwanja wa makumbusho ya Palm Springs. Ni kumbukumbu muhimu katika historia ya ujenzi wa Marekani, na kuiokoa isipotee ni jambo la kheri. Hata hivyo, mahali iliposimama hapakuizaa, wala haikuzaliwa kwa ajili ya mahali hapo. Ni kama neno la kigeni lililoingizwa katika sentensi bila kutiwa irabu mwishoni wala kiambishi mwanzoni: maana yake yajulikana, lakini ulimi hujikwaa. Makumbusho yanayotaka kutuambia kwamba usanifu wa kisasa wa Palm Springs ni mtoto wa jangwa hayana budi kutuonyesha tofauti kati ya nyumba hizi mbili. Moja ilimfundisha Frey jangwa. Nyingine aliijenga kabla hajalijua. Zikiwekwa chini ya anwani moja ya "usasa wa jangwani", somo lote hupotea.

Katika upande wa picha, mfano bora wa jambo ninalolisema ni Agnes Pelton. Mchoraji huyu alifika Cathedral City, karibu na Palm Springs, mwaka 1932, akakaa huko mpaka kufa kwake mwaka 1961. Wengi walikuwa wamemsahau. Maonyesho makubwa ya kazi zake yaliyotayarishwa na makumbusho ya sanaa ya Phoenix mwaka 2019 yalizunguka, yakafika New York mwaka 2020 na Palm Springs mwaka 2021. Pelton alichora namna mbili za picha. Namna ya kwanza ni mandhari: vichuguu vya mchanga, milima, na miti ile ya jangwani ambayo matawi yake ya kijivu huonekana kwa mbali kama moshi. Hizo aliwauzia wageni ili apate riziki. Namna ya pili hazionyeshi kitu chenye jina: ni nuru, nyota, na maumbo kama ya chombo au ua yanayoelea juu ya upeo wa mbali. Hizo alizichora kwa ajili ya roho yake, na ndizo zilizomrudishia heshima.

Wahakiki wengi husema kwamba picha za namna ya kwanza ni za jangwa na za namna ya pili ni za mawazo matupu. Mimi naona vingine. Picha za mandhari hutaja jangwa. Picha za nuru hunena kwa lugha ya jangwa. Upeo ulio chini sana, uwazi mkubwa wa katikati, na mwanga usiotoka mahali pamoja bali pote, ni mambo ambayo mchoraji wa mji wenye mvua na maghorofa asingeyafikia kwa urahisi. Tofauti hii twaijua katika fasihi yetu. Kuna utungo unaoitaja bahari katika kila ubeti nao haujapata kulowa. Na kuna utungo usioitaja hata mara moja, lakini mizani yake hupanda na kushuka kwa maji kujaa na kupwa.

Mpaka hapo, basi, jibu la swali langu la kwanza ni jepesi: jangwa halikutoka. Limo katika kuta, katika vioo na katika picha. Lakini swali la pili lingali linangoja, nalo ndilo zito. Jangwa tulilolikuta mpaka sasa ni la mwanga, mawe, rangi na upeo. Ni jangwa ambalo mtu hufika kutoka mbali, akalitazama, akalipenda, akalijengea. Williams, Frey na Pelton wote walifika. Je, wale waliokuwapo?

Jambo hili laonekana katika majina ya mahali. Watu wa Cahuilla waliita chemchemi iliyo katikati ya mji Séc-he, na maana yake ni maji yachemkayo. Wahispania wakaiita Agua Caliente, maji ya moto, na jina hilo ndilo lililobaki kwa jamii ya Cahuilla wa hapo. Waliosema Kiingereza wakaleta Palm Springs. Jina la kwanza lasema maji yanafanya nini. La pili lasema yana hali gani. La tatu lasema mgeni anaona nini akiwa mbali: miti na maji. Mfasiri wa Kiswahili naye ajihadhari hapa, asije akaandika "Chemchemi za Mitende". Mti ulioupa mji jina ni wa majani ya kipepeo, mfano wa mkoma au mvumo wetu, nao ndio mwenyeji wa makorongo yale. Watu wa Cahuilla walikula matunda yake na kuezekea nyumba kwa makuti yake. Mtende wa tende uliletwa bondeni baadaye kutoka ng'ambo, ikiwamo Afrika ya Kaskazini. Kosa dogo la tafsiri laweza kumfukuza mwenyeji na kumweka mgeni mahali pake.

Lugha ya Cahuilla ina ukoo na lugha nyingi za magharibi ya Marekani na Meksiko. Leo wasemaji waliolelewa nayo ni wachache mno. Hata hivyo imebahatika kuandikwa vizuri. Katherine Siva Saubel, mwanamke wa Cahuilla aliyeishi toka 1920 mpaka 2011, alishirikiana na wanaisimu kuihifadhi. Mwaka 1972 alitoa pamoja na John Lowell Bean kitabu *Temalpakh* juu ya ujuzi wa mimea, na alikuwa miongoni mwa walioanzisha makumbusho ya Malki katika ardhi ya wenyeji ya Morongo katika miaka ya 1960. Hansjakob Seiler, mwanaisimu wa Uswisi aliyefundisha katika chuo kikuu cha Köln, alichapisha sarufi yake mwaka 1977, na mwaka 1979 kamusi, pamoja na Kojiro Hioki. Ni jambo la kutafakari kwamba watu wawili wa Uswisi waliliendea jangwa lile lile: mmoja akapima mwendo wa jua, mwingine akasikiliza maneno. Wa kwanza ana nyumba yake katika makumbusho, na watu hupanga zamu kwenda kuitazama. Wa pili, pamoja na waliomfundisha, hana hata rafu.

Na laiti angalikuwa nayo, kwa kuwa katika sarufi aliyoieleza mna jambo ambalo nyumba yoyote ya makumbusho ingefaidika kulijua. Sisi husema "mwembe wangu" na "kikombe changu" kwa kiambishi kile kile cha kumiliki. Katika lugha ya Cahuilla, viungo vya mwili na jamaa huambatana na mwenyewe moja kwa moja, lakini mmea haukubali hivyo. Kati ya mtu na mmea sharti lipite neno lililotokana na kitenzi, linalosema mmea huo umekuwaje wake: ameuchuma, ameuokota chini, ameupanda. Mnyama naye huwa wa mtu kwa kupitia neno la kufuga. Kwa hiyo msemaji hawezi kudai mali ya ardhi bila kusema, ndani ya dai lenyewe, amefanya nini hata akaipata. Seiler aliliona jambo hili kuwa mlango wa kuelewa maana ya kumiliki katika lugha zote za wanadamu. Mimi naliona pia kuwa mtihani kwa kila mkusanyo wa vitu. Kabla makumbusho hayajasema "yetu", na yaseme kitenzi.

Nitatoa mifano miwili ya mtihani huo. Wa kwanza unatuhusu. Mwigizaji wa sinema William Holden alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Mount Kenya Safari Club, karibu na Nanyuki, mwaka 1959. Na huko Palm Springs alikuwa na nyumba. Mkusanyo wake wa sanaa za Asia na Afrika uliyaangukia makumbusho haya kwa wasia. Anayevitazama vitu hivyo ataambiwa ni vya nani sasa na alivitoa nani. Atakayetaka kujua vilichongwa ili vifanye kazi gani, na kwa kitenzi kipi vilitoka mikononi mwa wenyewe, yaani viliuzwa, vilitunukiwa, viliombwa au vilichukuliwa, hana budi kupewa jibu hilo pia, maana ndilo linalogeuza kitu cha pambo kuwa ushahidi. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba "zawadi ya fulani" ni sentensi iliyoanzia katikati.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, nao ni wa ardhi yenyewe. Katika miaka ya 1870 serikali ya Marekani iliigawa ardhi ya bonde lile kama ubao wa dama: mraba mmoja kwa kampuni ya reli, mraba mmoja kwa wenyeji, na kuendelea hivyo. Mraba uliopewa namba 14, wenye chemchemi ile ndani yake, ulikuwa wa watu wa Agua Caliente, nao umepakana na katikati ya mji. Humo waliishi pia wapangaji Weusi, Wameksiko na wengineo, ambao wengi wao ndio waliokuwa wakifanya kazi za ujenzi na za nyumbani mjini. Mwaka 1959 sheria iliruhusu ardhi ile ikodishwe kwa muda wa hadi miaka 99, na thamani yake ikapanda. Katika miaka ya 1950 na 1960 wapangaji walifukuzwa, na nyumba zao zikabomolewa na kuchomwa moto, wazima moto wa mji wakiwapo. Mwaka 2021 halmashauri ya mji iliomba radhi rasmi, na mwaka 2024 ikakubali kulipa fidia ya dola milioni 5.9.

Sasa msomaji aziweke tarehe hizi kando ya zile za awali. Benki ya Santa Fe Federal, kazi nyingine nzuri ya Williams, ilijengwa mwaka 1961. Nyumba ya Frey ilikamilika mwaka 1964. Benki ile ndiyo iliyofanywa mwaka 2014 kuwa kituo cha makumbusho cha usanifu wa majengo, na chumba chake cha kuwekea fedha kikafanywa duka. Majengo hayo husifiwa kwa uwazi wake, kwa wepesi wake, na kwa jinsi yanavyoiachia nafasi ardhi tupu. Lakini katika miaka hiyo hiyo, si mbali na hapo, ardhi ilikuwa ikifanywa tupu. Sisemi kwamba Williams au Frey alishika kiberiti, wala kwamba kioo kizuri huwa kibaya kwa sababu ya moshi wa jirani. Nasema kwamba neno "tupu" lina historia, na makumbusho yaliyokabidhiwa historia ya miaka ile hayawezi kulitumia kama sifa ya mandhari bila kulitolea hesabu.

Nayajua majibu yanayoweza kutolewa, na yana uzito. Jibu la kwanza ni kwamba taasisi ya mji mdogo haiwezi kufanya kila kitu. Elimu ya wanyama na mimea imepata nyumba yake: hifadhi ya Living Desert, iliyoanzishwa mwaka 1970 na wadhamini wa makumbusho haya haya. Watu wa Agua Caliente nao wamejijengea makumbusho yao wenyewe, yaliyofunguliwa mwaka 2023 kando ya chemchemi yao, nao ndio wenye haki ya kusimulia habari zao. Basi wacha nyumba ya sanaa ishughulike na sanaa. Jibu la pili ni kwamba sanaa haina deni la kueleza. Picha ya Pelton yatosha kwa nuru yake.

Kuhusu jibu la kwanza nakubali nusu. Kugawana nyumba ni jambo jema, na si kazi ya makumbusho ya sanaa kuwasemea watu wa Cahuilla. Lakini kugawa maneno si sawa na kugawa nyumba. Tuchukue kikapu cha Cahuilla, ambacho nyumba ya sanaa hukionea fahari. Msusi wake hakuwa fundi wa mkono tu. Alikuwa mtaalamu wa mimea, aliyejua unyasi gani hukatwa wakati gani, katika korongo gani, na rangi yake hutoka katika nini. Ndivyo alivyo msusi wa mkeka wa Pwani, asiyeweza kutenganisha ustadi wa kusuka na ujuzi wa ukindu na miyaa. Kikapu kikitajwa kwa jina la sanaa peke yake, mmea hupotea. Na mmea ukipotea, ujuzi wa msusi hugeuka kuwa kipaji, kitu cha kustaajabiwa badala ya kujifunzwa. Makumbusho ya mwaka 1938, pamoja na upungufu wake wote, yaliweza kuviweka vitu viwili hivi katika chumba kimoja. Hilo ndilo lililopotea pamoja na neno lile, nami naona ni hasara ya sanaa kabla haijawa hasara ya sayansi.

Kuhusu jibu la pili, naafiki kwamba picha haina deni. Lakini kuta zilizo kando yake zina maneno, na maneno yana deni.

Yamebaki yatupasayo sisi. Ni rahisi kukaa katika chuo chetu na kuwahukumu watu wa California. Lakini lugha yetu nayo ina neno la namna hii, nalo si "jangwa" tu bali pia "nyika". Watu wa miji ya Pwani waliwaita majirani zao wa bara Wanyika, na jina hilo likaandikwa vitabuni kwa muda mrefu. Lilibeba dharau, kana kwamba wale waliokaa huko ni sehemu ya pori. Katika miaka ya 1940 wenyewe walijichagulia jina la Mijikenda, lenye kutaja miji, tisa kwa hesabu: jibu kamili, la neno moja, kwa wale waliodhani nyikani hakuna miji. Na misitu ya kaya zao, ambayo mpita njia angeweza kuidhania kichaka, mwaka 2008 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hivyo neno moja lililosemwa na mtu aliyesimama nje lilifunika maarifa ya vizazi vingi, na halikuondolewa kwa hoja za wageni bali kwa jina lililotoka ndani.

Tena tukumbuke asili ya jina la lugha yetu. Latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani, na neno lile lile ndilo lililoipa jina nchi ya Saheli, iliyo kusini mwa Sahara. Wasafiri wa misafara waliliona jangwa kama bahari, na mahali majani yanapoanza kuwa pwani yake. Sahara yenyewe kwa Kiarabu ni jangwa, kwa hiyo tusemapo "jangwa la Sahara" twasema jambo moja mara mbili. Lakini waliotoa majina haya hawakudhani kwamba bahari ni tupu kwa kuwa haina miti. Walijua ina njia, ina visima mfano wa bandari, na ina watu wanaozijua njia hizo. Mtu wa Pwani, kuliko watu wengine, angepaswa kuelewa.

Kwa hiyo nayapendekezea makumbusho ya Palm Springs jambo moja, na nafsi yangu jambo moja. Makumbusho si lazima yarudishe jina la zamani juu ya mlango. Lakini yalirudishe neno ndani: karibu na nyumba ya Frey pasemwe pia Séc-he, karibu na kikapu pasemwe mmea na kitenzi, na katika kituo cha usanifu, mwaka 1961 utajwe pamoja na yote yaliyotendeka miaka hiyo, mazuri na mabaya. Majengo hayo ni imara. Hayatavunjika kwa kuambiwa kweli.

Nami nafuta maelezo niliyoyaandika zamani. Badala yake, kama orodha ile itapigwa chapa tena, naomba paandikwe hivi: "jangwa: nchi ya mvua haba, ambayo mimea, wanyama na watu wake huishi kwa kuyafuata na kuyajua maji machache yaliyopo." Ni maelezo marefu kuliko yale ya kwanza, na mwanafunzi atalalamika. Na alalamike, maadamu atakapofika katika nchi ya namna hiyo ataanza kwa kuuliza maji yako wapi na ni nani ayajuaye.